UZI: Kigango cha mlimani Kilimanjaro, kanisa lililoezekwa kwa kahawa. Nani hasa alilijenga?

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Ukifungua kijitabu chochote cha jubilei ya parokia huku Kilimanjaro, kurasa za mwanzo ni wazungu wenye ndevu ndefu. Askofu Raoul de Courmont, Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger walipanda kutoka pwani mwaka 1890 wakafika Kilema kwa Mangi (chifu) Fumba. Misioni ya Kilema ikaanza 1891, Kibosho 1893, Mkuu Rombo 1898. Yote ni kweli na sina ugomvi nayo.

Ila hayo ni makao makuu. Kanisa ambalo bibi zetu walisali kila Jumapili halikuwa Kilema penyewe wala Kibosho penyewe. Lilikuwa kigango, kile kikanisa cha kijijini kati ya migomba ambacho padre alikifikia mara moja kwa mwezi, na masika njia zikiharibika hata mwezi unapita. Kwa wasio Wakatoliki: jimbo lina parokia, parokia ina vigango, kigango kina jumuiya. Padre anakaa parokiani. Kigangoni anakaa katekista, yaani mlei anayefundisha dini na kuongoza sala.

Hoja yangu ni kwamba vigango vya mlimani vimesimamishwa na watu wa aina mbili ambao huwaoni kwenye jiwe la msingi. Wa kwanza ni katekista. Wa pili ni mkulima wa kahawa, na hapo namweka na mkewe wa ndizi, nitaeleza kwa nini. Jiwe la msingi litakwambia "liliwekwa na Mhashamu fulani". Mhashamu alikaa kigangoni saa tatu, akala, akaondoka.

Nianze na katekista.

Utaratibu haukutofautiana sana kijiji hadi kijiji. Kijana aliyebatizwa na kufundishwa misioni anatumwa kwenye mtaa wa mbali. Anapita kwanza kwa mangi au mchili (mkuu wa mtaa chini ya mangi) kuomba sehemu. Anapewa uwanja, au kivuli cha mti. Baadaye watu wanasimamisha kibanda cha miti na udongo, juu nyasi au majani ya migomba. Jumatatu hadi Ijumaa kibanda ni darasa, watoto wanakariri a e i o u na sala. Jumapili kibanda hicho hicho ni kanisa, madawati yale yale, ubao mweusi unageuziwa ukutani. Kanisa na shule vilizaliwa tumbo moja, na hadi leo ukipita Marangu, Kirua au Uru utakuta shule ya msingi na kigango vimebanana kwenye uwanja mmoja kiasi kwamba mpira wa watoto unagonga ukuta wa sakristia.

Shule haikuwa jambo la pembeni. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, aliwaambia maaskofu waliokutana Dar es Salaam kwamba pale ambapo nguvu hazitoshi kwa uinjilishaji na elimu vyote viwili, bora makanisa yasubiri shule ziwe nzuri. Serikali ya Mwingereza nayo ilishaanza kutoa ruzuku kwa shule zinazofikia viwango, na vile vibanda vya katekista havikufikia. Vingine vikapandishwa hadhi vikapata mwalimu mwenye cheti, vingine vikabaki vya katekesi tu. Ukitaka kujua kwa nini kijiji A kilitoa madaktari na kijiji B jirani hakikutoa, mara nyingi jibu liko hapo.

Kahawa naleta chini, ngoja nisogeze kiti.

#2 Mchangiaji

Nipo siti ya mbele mkuu, tiririka. Ila nidokeze: mimi Mlutheri wa Machame. Usisahau Waleipzig, wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, nao walifika 1893, na huu mlima ulikatwa vipande. Huku kwetu mtaa mzima KKKT, ukivuka korongo upande wa pili Wakatoliki watupu. Ndoa za kuvuka korongo ziliwatoa wazee jasho.

#3 Mleta uzi

Umenena jirani. Na huo ushindani ndio ulioongeza vigango. Mlutheri akifungua shule upande huu, padre anatuma katekista upande ule kabla ya wiki kuisha. Wakati mwingine mtaa haukuwa na wabatizwa hata kumi, lakini ulipewa katekista ili "wasituwahi". Watoto wa mlima walipata shule mapema kwa sababu dini mbili zilikuwa zinakimbizana.

Sasa kahawa.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la wale walioanzisha Kilema, walikuwa Bagamoyo tangu 1868, na kabla ya hapo Zanzibar, wakitokea kisiwa cha Réunion. Kisiwa hicho zamani kiliitwa Bourbon, na aina ya kahawa ya huko bado inaitwa Bourbon. Walikuja na kahawa, na walipopanda bara waliipanda karibu kila misioni yenye ubaridi. Bura kule Taita ni wao, Saint Austin's Nairobi ni wao, ndiyo maana Wakenya wana mbegu wanayoiita French Mission. Kilema kahawa ikaota miaka ya 1890.

Mwanzoni ilikuwa shamba la misioni. Wanafunzi na wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) walipalilia na kuchuma kama "kazi za mikono". Tusipake rangi, ile ilikuwa nguvu kazi ya bure au karibu ya bure. Lakini mtu akishajua kupogoa na kumenya, nani atamzuia kuomba miche miwili akapande kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba? Mbuni unakaa vizuri chini ya migomba, unapata kivuli na samadi ya ng'ombe wa ndani, na maji ya mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia, yanapita hapo hapo. Kihamba kilikuwa tayari kwa kahawa kabla kahawa haijaja.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas akiwa mkuu wa utawala Moshi, aliwatia moyo Wachagga walime kahawa kama zao lao wenyewe. Walowezi walichukia. Wakasema Mwafrika ataleta magonjwa mashambani mwao na wezi watapata pa kuuzia. Wakulima wakajipanga: chama cha wakulima wenyeji KNPA mwaka 1925, rais wake Joseph Merinyo, kisha chama kikuu cha ushirika KNCU kikachukua nafasi mwaka 1933 na vyama vyake vya msingi kila mtaa. Mkulima sasa anapeleka kahawa kwenye ghala la chama, anapimiwa, anapewa stakabadhi, malipo ya kwanza, halafu mnada ukienda vizuri malipo ya pili.

Yale malipo ya pili ndiyo yaliyoezeka vigango. Malipo ya kwanza yana wenyewe: ada, kodi, deni la duka, mahari. Ya pili yanakuja wakati mtu hakuyapigia hesabu kamili. Wazee wa kigango walilijua hilo, wakawa wanaitisha mkutano wa ujenzi wiki ile ile ya malipo, nje ya ofisi ya chama, kabla watu hawajafika kilabuni.

Kigangoni kwetu ukisimama ndani ukaangalia juu, unaisoma historia hiyo kwenye paa. Upande wa altare ni mabati mazito, makubwa, yameshika kutu ya kahawia lakini hayavuji. Katikati kuna safu nyembamba zaidi zenye matundu ya misumari ya zamani, maana zilitoka kwenye jengo lingine. Karibu na mlango ni mabati ya geji ndogo ya miaka ya karibuni, upepo ukivuma yanapiga kelele na mhubiri anasubiri. Kuta hivyo hivyo: mawe ya mtoni hadi magotini, tofali za kuchoma hadi madirishani, juu bloku za simenti. Fundi mmoja aliwahi kuniambia hilo siyo jengo, ni viraka. Ndiyo. Kila kiraka ni msimu.

#4 Mchangiaji

Mkuu heshima. Bukoba hapa. Kahawa sisi tulitafuna kabla ya padre yeyote. Robusta inachemshwa na majani, inakaushwa, mgeni anapewa akifika, na undugu wa damu ulifungwa kwa punje za kahawa. Kwa hiyo msitupe hadithi ya mzungu kuleta kahawa Tanzania nzima.

Pili, kwetu walikuja Mapadre Weupe, Kashozi 1892. Kwao ubatizo ulikuwa mgumu, miaka minne ya ukatekumeni ndipo ubatizwe. Mtu anavaa medali shingoni miaka yote hiyo. Ninyi wa Roho Mtakatifu mlikuwa na njia ya mkato?

#5 Mleta uzi

Asante mkuu, sahihisho limepokelewa na wote wasome: nazungumzia arabika ya mlimani. Robusta ya Buhaya ina historia yake, kongwe kuliko misioni.

Ile miaka minne ilikuwa agizo la Kardinali Lavigerie mwenyewe kwa shirika lake, na lilileta kitu kimoja ambacho watu hawakioni. Miaka minne maana yake unahitaji jeshi la makatekista, kwa sababu padre hawezi kukaa na wanafunzi wa vijiji vyote muda wote huo. Kusini nako Wabenediktini wa Peramiho walitegemea walimu wa vijijini vile vile. Kila shirika na mtindo wake lakini wote walifika mahali pamoja, hakuna kijiji kilichoinjilishwa na padre peke yake.

Pima kwa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Waingereza waliingia Moshi. Mapadre na mabruda Wajerumani nchi nzima walizuiliwa, na hatimaye wengi wakaondolewa. Misioni nyingine zikabaki na padre mmoja, nyingine hazikuwa na hata mmoja. Vigango havikufa. Sala ya Jumapili iliendelea, mafundisho yaliendelea, watoto mahututi walibatizwa na makatekista, na mapadre waliporudi walikuta watu wanasubiri kuandikwa. Huo ndio ushahidi wangu mkubwa kwenye uzi huu.

#6 Mchangiaji

Shikamooni wakubwa, na walio wadogo zangu hamjambo. Marehemu baba yangu alikuwa katekista wa kigango upande wa mashariki wa mlima, miaka mingi kabla ya Uhuru na baada. Mleta uzi umenigusa mwanangu, nami niongeze kidogo.

Mshahara ulikuwa jina tu. Misioni ilimpa fedha kidogo, kilichotulisha ni watu kuja kutulimia. Jumamosi moja ya mwezi mtaa wa juu, nyingine mtaa wa chini. Mama alipika ndizi za kuwalisha, kwa hiyo na yeye alikuwa analipia ukatekista wa mumewe.

Kengele ilikuwa ringi ya lori imening'inizwa kwenye mti wa mruka. Asubuhi, saa sita, jioni, sala ya Malaika wa Bwana. Walioko shambani walisimama na jembe mkononi, wakisha wanaendelea. Hata Walutheri walienda kula kwa ringi ya baba.

Kila mwezi alienda misioni kwa miguu na daftari lake. Padre anaulizia: nani ameanza mafundisho, nani ameacha, nani anaishi na mwanamke bila ndoa, nani amefariki. Akirudi anakaa kimya jioni nzima, maana ameagizwa amkatalie komunyo mtu ambaye juzi kamlimia shamba. Hilo ndilo lililomzeesha. Siyo kutembea.

Usiku mtu akizidiwa walimgongea yeye. Alikuwa na chupa ndogo ya maji na kitambaa cheupe kwenye mfuko wa koti. Alibatiza watoto wengi sana wanaokufa. Kesho yake anaandika kwenye daftari, kalamu ya risasi, jina na siku, apeleke misioni. Yeye mwenyewe hakuandikwa popote ila kwenye kaburi lake kihambani.

#7 Mleta uzi

Mama shikamoo, na pole kwa kumpoteza mzee. Hiki ulichoandika hakimo kwenye kijitabu chochote cha jubilei nilichosoma, na ni kizuri kuliko vyote.

Umesema "kaburi lake kihambani" na hapo kuna jambo. Vigango vya Ulaya vina makaburi uani, ukitaka historia ya kijiji unasoma mawe. Mchagga anazikwa kihambani kwake, chini ya migomba, karibu na wazee wake. Uwanja wa kigango chetu hauna kaburi hata moja. Mtafiti wa kigeni akija anadhani kijiji hakina kumbukumbu, kumbe kumbukumbu zimesambazwa kila nyumba.

#8 Mchangiaji

Mnasifia sana. Mimi naona padre na Mjerumani walipanda mlima pamoja. Matambiko yakaitwa ushenzi, ardhi ikachukuliwa, watu wakafanyishwa kazi. Kwetu kuna kesi ya uwanja wa kigango baraza la kata, ukoo unadai babu yao aliazima, hakugawa. Hilo nalo mbona hulisemi?

#9 Mleta uzi

Linasemwa sasa hivi mkuu, na sehemu kubwa nakubaliana nawe. Kazi za mikono nimeshazitaja. Matambiko yalipigwa vita kweli. Na katekista, kama mama alivyoeleza, alitumika kuwachunguza majirani zake.

Kwenye ardhi nina maoni tofauti kidogo. Misioni kubwa zilipata maeneo mapana enzi ya mangi na Mjerumani, pale hoja yako ina uzito. Kigango ni habari nyingine. Vingi vilipewa kipande na mchili au na mzee wa ukoo, na kipande chenyewe ni kidogo, pengine sehemu ya kihamba isiyofaa, yenye mawe au iliyo mbali na mfongo. Hakuna karatasi. Mpaka ulikuwa masale yaliyopandwa mbele ya mashahidi. Kwa wasio wa huku, isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaouona kwenye mipaka ya vihamba vyote, na ndio huo huo mtu hubeba akienda kuomba msamaha. Kung'oa isale la mpaka lilikuwa jambo la kuogopesha.

Shida ilikuja baadaye. Baba ana wana watano, kihamba kimegawanywa hadi mtu anapata upana wa nyumba na ng'ombe wawili. Mjukuu anaangalia uwanja wa kigango, miembe na mipira, anauliza: babu alitoa au aliazima? Mashahidi wamekufa. Kanisa linasema mali zote za jimbo zipo chini ya wadhamini waliosajiliwa, lakini kwa vigango vingi hati hazikutafutwa mapema wazee walipokuwa hai. Mimi sibezi madai ya wajukuu. Kigango kilichokaa kizazi kizima na ukoo uliokitolea ardhi bila kwenda kuandikishana kimejitakia. Na ukoo nao wakumbuke babu yao alikaa benchi la mbele hadi anakufa, hiyo haifanani na mtu aliyeazimisha.

#10 Mchangiaji

Wanawake hujawaleta bado. Uliahidi ndizi.

#11 Mleta uzi

Dada, nilikuwa nakuja.

Huku mlimani kahawa ilikuwa ya baba. Jina kwenye kadi ya chama la baba, malipo kwa baba. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama, anabeba sokoni, anarudi na chumvi, mafuta ya taa na sabuni. Sasa angalia kigango kilijengwaje. Kitu kinachojengwa mara moja kwa kishindo, yaani paa, madirisha, kengele ya kununua, hicho kilitoka kwenye kahawa na kina tarehe na hotuba. Kitu kinachotakiwa kila wiki, mishumaa, mafuta ya taa, vitambaa vya altare, chakula cha padre akija, kuni, kupiga sakafu kwa udongo na samadi kabla ya sikukuu, hicho kilitoka kwenye ndizi. Hakina tarehe.

Na mawe ya mtoni niliyoyataja, wanaume hawakuyabeba. Walijenga. Waliobeba ni akina mama na watoto wa shule, kila mmoja jiwe lake akija Jumapili. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ilianzishwa 1972 ikawapa akina mama jina, sare na kiti kwenye halmashauri, lakini kazi waliikuta inaendelea.

Niongeze kitu cha mashambani ninachokipenda. Kabla ya mabadiliko ya kalenda mwaka 1969 Kanisa lilikuwa na siku za kuombea mazao: tarehe 25 Aprili, na siku tatu kabla ya Kupaa Bwana. Ulaya ni majira ya kuchipua. Huku zikaangukia katikati ya masika, mahindi na maharage ya shamba la chini yameshatoka ardhini na kahawa inanywa maji. Watu waliandamana kati ya vihamba wakiimba Litania ya Watakatifu, padre au katekista akinyunyizia maji ya baraka, matope hadi vifundoni. Wazee walielewa mara moja, kwa sababu kuombea mvua na shamba hawakufundishwa na padre.

Na msimamizi wa wakulima, Isidori wa Madrid, sikukuu yake 15 Mei, vigango vingi vya wakulima duniani vimechukua jina lake. Alikuwa kibarua wa shamba la mtu. Alitangazwa mtakatifu tarehe 12 Machi 1622, siku moja na Ignasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Teresa wa Avila na Filipo Neri. Waanzilishi wa mashirika, mmisionari maarufu, na mtu wa jembe katikati yao. Hajaacha kitabu hata kimoja.

#12 Mchangiaji

Tuletee na kilichotokea baada ya Uhuru. Maana ninavyoona vigango vingi leo ni bibi na wajukuu, vijana wako Dar.

#13 Mleta uzi

Nitapita haraka, wengi mnaikumbuka.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaruhusu lugha za watu, Misa ikawa ya Kiswahili, na Kilatini kikabaki kwenye midomo ya wazee waliokikariri bila kukielewa. Hati ya Mtaguso juu ya umisionari, ya 1965, ikawasifu makatekista wazi wazi na kutaka walipwe inavyostahili. Sifa zilifika kijijini mapema, malipo bado yako njiani.

Sheria ya Elimu ya 1969 ikafanya shule za misioni kuwa za serikali, ikatekelezwa 1970. Kigango kilichokuwa tumbo moja na shule kikatenganishwa nayo kwa mstari wa chokaa. Mwalimu akawa wa serikali, katekista akapoteza darasa lake. Wengine walilia, ila watoto wa Kiislamu na wa Kilutheri wakaingia bila kuulizwa ubatizo, na hilo lilikuwa haki.

Miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wakazipa kipaumbele jumuiya ndogondogo. Nchi ilishazoea nyumba kumi za TANU, watu wakaelewa upesi. Mlimani jumuiya nyingi zikajipanga kwa ukoo na kwa mfongo, yaani wale wale waliokuwa wanasafisha mfereji pamoja ndio wakawa wanasali pamoja Jumatano jioni. Ukigombana na mtu kuhusu zamu ya maji, utakutana naye kwenye Baba Yetu.

Kahawa ikaanza kuanguka. Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, uliingia miaka ya 1960, dawa ghali. Vyama vya ushirika vikavunjwa 1976, vikarudishwa miaka ya 1980 vikiwa vimechoka. Julai 1989 mfumo wa mgao wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukavunjika na bei ya dunia ikaporomoka karibu nusu kwa miezi michache. Miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, fedha mkononi, malipo ya pili kwaheri. Watu wakang'oa mibuni, wakapanda nyanya, ndizi za kuuza, majani ya ng'ombe.

Angalia paa la kigango chochote mlimani utaona kuanzia hapo fedha zimebadili njia. Sasa mabati yanatoka Dar, Arusha na Mwanza. Desemba watoto wanapanda mlima kwa mabasi na magari yao, Jumapili kati ya Krismasi na mwaka mpya kunafanyika mchango mkubwa, mbuzi ananadiwa, kila mtu anataja kiasi kwa kipaza sauti. Januari kigango kinabaki na bibi, wajukuu na katekista. Mimi ule mnada siupendi sana. Enzi ya malipo ya pili kila nyumba ilitoa kilo zake na hakuna aliyejua jirani ametoa ngapi isipokuwa karani wa chama. Leo tunajua nani tajiri. Lakini bila wao paa lingeshaanguka, kwa hiyo nanyamaza na kutoa changu.

#14 Mchangiaji

Mkuu uzi umeenda shule. Sisi kigango chetu kinajiandaa na jubilei, nimepewa kazi ya kuandika historia. Nianzie wapi? Na tarehe ya kuanza kwa kigango ni ipi, siku ya kubariki jengo au siku katekista wa kwanza alipofika?

#15 Mleta uzi

Hongera, na pole.

Omba ruhusa kwa paroko uone daftari la ubatizo parokiani. Kigango chenyewe hakina daftari hilo, usihangaike kulitafuta huko. La zamani ni la Kilatini lakini safu ni zile zile: jina, wazazi, siku, mahali, mbatizaji, msimamizi. Usianze na safu ya mbatizaji, pale utakuta padre tu. Shuka na safu ya wasimamizi. Utaona jina moja linarudia rudia ukurasa baada ya ukurasa, limesimamia watoto na watu wazima wa mtaa wenu. Mara nyingi huyo ndiye katekista wenu. Angalia lilipotokea mara ya kwanza. Pale palipoandikwa kwamba mtu amebatizwa katika hatari ya kufa, mbatizaji anaweza kuwa si padre, na hapo utakutana na jina la katekista moja kwa moja. Pembeni mwa ukurasa kuna maandishi madogo ya ndoa, nani kaoa wapi. Hayo yatakuonyesha kijiji kilioana na vijiji gani, na lini korongo la mchangiaji #2 lilianza kuvukwa.

Kisha nenda chama cha msingi uulizie vitabu vya mapokezi ya kahawa kama mchwa hawajavimaliza. Misimu minene ilinganishe na misimu ya ujenzi.

Kisha kaa na akina bibi, na uende kabla ya Desemba, kabla nyumba hazijajaa wageni. Usiwaulize "kigango kilianza mwaka gani", watakwambia hawajui. Uliza nani alikuwa anapiga kengele walipokuwa wasichana, walibeba mawe kutoka mto gani, waliolewa kwenye jengo la nyasi au la bati.

Kuhusu tarehe, siku ya kubariki jengo ina karatasi na maaskofu wanaipenda kwa sababu hiyo. Mimi ningehesabu tangu ubatizo wa kwanza aliousimamia yule katekista. Halmashauri yenu ikikataa, basi wekeni tarehe ya jengo kwenye bango na jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya picha za wenye ndevu.

Mama wa #6, kama bado upo, naomba uniandikie inbox jina la kigango cha mzee. Nipo karibu na parokia hiyo wiki ijayo na paroko ameshanikubalia kufungua madaftari.